WENGI NI WANGAPI?

Na Bwana Shamba, Haneti



Leo sikuandikii habari za mbegu wala za palizi. Ninakuandikia habari ya safari. Ni safari ya siku moja, kutoka hapa Haneti mpaka Kolo, katika wilaya ya Kondoa. Katika safari hiyo nilifanya kosa. Nataka ulijue kosa hilo, ili wewe usilifanye.

Haneti iko kaskazini ya mji wa Dodoma, katika wilaya ya Chamwino. Kama wewe ni mtu wa hapa, unaijua nchi yetu. Ni nchi kavu. Mvua hunyesha kuanzia Desemba mpaka Aprili, kisha jua hutawala. Tuna mibuyu, tuna vilima vya mawe, tuna mtama, uwele, alizeti na mifugo. Tuna kilima chenye jiwe la kijani linalopendwa na watu wa mbali. Na zaidi ya yote, tuna nafasi. Ukipanda kilima ukatazama, macho yako huchoka kabla nchi haijaisha.

Kwa hiyo neno "msongamano" hatulijali sana. Tunadhani ni neno la watu wa mjini, wanaogombania mabasi. Mimi pia nilidhani hivyo. Kolo ndiko nilikofundishwa.

MNADA NA KISIMA

Kabla hatujaondoka, fikiri kwanza juu ya mambo mawili unayoyajua vizuri.

Jambo la kwanza ni mnada. Umeamka alfajiri, umeswaga mbuzi wako wawili, umefika. Unakuta watu thelathini tu wamesimama. Je, utafurahi? La, hutafurahi. Utasema, "Leo mnada umekufa." Wanunuzi wachache maana yake bei ndogo. Wewe unataka vumbi, kelele, moshi wa nyama choma, na watu wa kupigana vikumbo. Hapo ndipo utasema mnada umechangamka.

Jambo la pili ni kisima katika mwezi wa Oktoba. Umefika na ndoo zako kabla ya jogoo wa pili. Unakuta watu thelathini mbele yako. Ni majirani zako wale wale uliowaona mnadani. Lakini sasa moyo wako unakuwa mzito. Unasema, "Leo watu wamejaa mno."

Watu ni thelathini mnadani, na ni thelathini kisimani. Kwa nini mnadani ni wachache, na kisimani ni wengi?

Jibu ni hili. Mnadani uliwafuata watu. Kisimani uliyafuata maji. Mnadani kila mtu anayeongezeka anakusaidia kupata ulichokijia. Kisimani kila mtu anayeongezeka anakuchelewesha.

Shika jambo hilo, msomaji. Sasa tupande basi.

TULIKUWA AROBAINI NA SITA

Ilikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 2019. Wakulima walikuwa wamevuna. Tulichanga fedha za basi, tukapanga ziara ya mafunzo. Mimi nilikuwa kiongozi wa msafara. Tulikuwa watu arobaini na sita: wazee, akina mama, na vijana wengi. Tulitaka kuona mambo mawili. La kwanza ni ardhi ya Kondoa iliyoharibika ikaponywa. La pili ni michoro ya kale katika miamba ya Kolo.

Ardhi tuliiona njiani. Niliwasimulia habari zake ndani ya basi. Zamani vilima vya Kondoa vilichimbwa na maji ya mvua mpaka vikawa makorongo mekundu. Miti ilikuwa imekatwa, na mifugo ilikuwa mingi kuliko majani. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Lilikuwa jambo gumu sana kwa wenye mifugo. Lakini majani yaliota, na miti ikarudi.

Niliwaambia, "Ndugu zangu, kila malisho yana kikomo chake. Mtaalamu hupima mvua, hupima majani, kisha husema: hapa patatosha ng'ombe kadhaa. Wakizidi, ardhi inakufa."

Wazee walitikisa vichwa wakakubali. Nami nilijiona hodari wa kuhesabu.

Tulifika Kolo saa nne. Ofisi ya Mambo ya Kale ilitupa kijana wa kutuongoza. Basi halikuweza kufika mpaka kilimani. Tulishuka, tukatembea, kisha tukapanda.

Yule kijana aliniambia, "Mzee, nyinyi ni wengi. Afadhali tuwagawe makundi matatu. Kundi moja lipande, mengine yangoje chini."

Mimi nilitazama saa. Nilikumbuka dereva wa basi. Nikamjibu, "Sisi ni watu wa kijiji kimoja. Hatutengani. Twende wote."

Hilo ndilo kosa langu.

MIAMBA YA KOLO

Ngoja nikueleze kwanza mahali penyewe. Katika milima ya Kondoa kuna mapango na miamba iliyoinama kama paa la nyumba. Chini ya mapaa hayo watu wa kale walichora. Miamba yenye michoro inazidi 150. Kuna michoro ya rangi nyekundu: watu wembamba, warefu, wenye vichwa vikubwa kama waliovaa kilemba. Kuna twiga, tembo, na mnyama aitwaye pofu. Kuna pia michoro myeupe, ambayo ni ya nyuma zaidi. Watu walichora hapo kwa muda wa miaka elfu mbili au zaidi. Mwaka 1951 mtaalamu Mary Leakey alifika kunakili michoro hiyo. Mwaka 2006 eneo hilo liliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Lakini Kolo si mahali pa kutazama tu. Watu wa hapo bado hupanda kwenye baadhi ya miamba hiyo kuomba mvua, na kuomba wagonjwa wapone. Kwao mwamba ni mahali pa sala.

Sasa sikia tulivyofika sisi. Vijana wetu walikuwa wanaimba. Wengine walikuwa wanapiga simu kuwaambia wenzao wako juu. Chini ya mwamba tuliwakuta wageni wawili, Wazungu, mume na mke. Mume alikuwa amekaa juu ya jiwe na daftari, anachora kile alichokiona ukutani. Mke alikuwa amekaa kimya. Tuliwasalimu kwa furaha. Nao walitujibu kwa furaha. Lakini baada ya dakika chache yule mume alifunga daftari. Walichukua mifuko yao wakashuka.

Sisi arobaini na sita tulijibana mbele ya mwamba. Nafasi ilikuwa ndogo, labda ya watu kumi na watano. Wa mbele walikaribia michoro mno. Kijana wa watu alikuwa anapaza sauti: "Msiguse! Jasho la mikono linafuta rangi!" Wa nyuma hawakumsikia.

Halafu niliona jambo jingine. Kwenye njia, chini kidogo, alisimama bibi mmoja amejitanda kanga. Alikuwa na kibuyu kidogo mkononi, na mtoto mmoja amemshika nguo. Alitutazama. Hakusema neno. Alisubiri kwa muda. Kisha akageuka, akarudi alikotoka, yeye na mtoto wake.

Nilimwuliza kijana wetu, "Bibi yule anataka nini?"

Alinijibu polepole, "Huyu ni mwenyeji. Huja hapa kwa mambo yao. Leo hakupata nafasi."

Tulipokwisha shuka tuliandika majina katika kitabu cha wageni. Kitabu kiliandikwa watu arobaini na sita. Bibi yule hakuandikwa popote.

NDANI YA BASI

Wakati wa kurudi niliwauliza wenzangu, "Mmeonaje?"

Vijana walijibu kwa sauti, "Safi sana! Tulikuwa wengi, tumefurahi!"

Mama mmoja aliyekaa karibu nami alicheka kidogo. Akasema, "Bwana shamba, mimi nimeona migongo. Nimetoka Haneti mpaka Kolo kutazama migongo ya watu wa Haneti."

Mzee mmoja hakucheka. Alisema, "Mahali pale si pa kelele. Ningejua, ningebaki chini."

Nilinyamaza. Watu wale wale, mwamba ule ule, saa ile ile. Kijana anasema wingi ulikuwa raha. Mama anasema wingi ulimnyima kuona. Mzee anasema wingi ulivunja heshima. Wageni wawili waliondoka. Bibi akarudi nyumbani. Je, nani kati yao amekosea?

Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alipima kwa kile alichokijia. Kijana alijia safari na wenzake. Hapo alikuwa mnadani. Wengine wote walikuwa kisimani.

WATAALAMU WALIULIZA SWALI HILI

Baadaye nilijifunza kwamba swali hili si geni. Huko Marekani, baada ya vita kuu ya pili, watu wengi walianza kwenda mwituni na mitoni kupumzika. Wasimamizi wa misitu waliogopa. Wakauliza: mahali pamoja panatosha watu wangapi?

Mwaka 1964 mtaalamu J. Alan Wagar aliandika juu ya jambo hilo. Alichukua wazo la malisho, lile lile nililowaambia wakulima ndani ya basi. Lakini aliona kwamba halitoshi. Ng'ombe humaliza majani, na majani unaweza kuyapima. Mtu anaweza asiharibu jani hata moja, na bado akamharibia mwenzake safari. Kwa hiyo lazima upime pia mambo yaliyo moyoni mwa watu.

Mwaka huo huo mtaalamu mwingine, Robert Lucas, alichunguza watu waendao kwa mitumbwi katika maziwa ya kaskazini ya Marekani. Wengine walipiga kasia, wengine walitumia mashine. Wenye kasia walichukizwa sana na wenye mashine. Lakini wenye mashine hawakuchukizwa na wenye kasia. Umeona? Si idadi tu. Ni nani unayekutana naye, na anafanya nini. Mtu mmoja mwenye redio kubwa anaweza kuwa wengi kuliko watu kumi waliokaa kimya.

Jambo la tatu lilinishangaza zaidi. Katika miaka ya 1970 watafiti waliwauliza watu wanaosafiri kwa mashua katika bonde kubwa la Grand Canyon. Walitegemea kusikia kwamba aliyekutana na mashua nyingi hakufurahi. Haikuwa hivyo. Waliokutana na wengi na waliokutana na wachache walifurahi karibu sawasawa.

Kwa nini? Sababu moja ni kwamba mtu aliyefika mara ya kwanza hana cha kulinganisha. Anadhani ndivyo palivyo siku zote. Sababu nyingine ni kwamba yule asiyependa wingi wa watu hayupo tena. Ameshahamia kwingine.

Kisima kitakueleza jambo hili. Simama kwenye foleni, uwaulize walio kwenye foleni, "Je, foleni ni mbaya?" Wengi watakuambia, "Tumezoea." Waliochoka hutawakuta hapo. Wameshakwenda kuchimba mchanga wa mto. Ukitaka kujua ubaya wa foleni, watafute hao.

Nami nikamkumbuka yule bibi wa Kolo.

NGORONGORO NA SERENGETI

Usifikiri kwamba mambo haya ni ya Kolo na ya Marekani tu. Tazama Bonde la Ngorongoro. Sakafu yake ni kama kilomita za mraba 260. Ni mahali pakubwa. Lakini magari hayatawanyiki sawasawa. Simba akionekana, au faru, madereva huambiana kwa redio, na magari hukusanyika pale pale. Bonde ni kubwa, lakini mgeni anaona vioo vya magari. Msongamano hauko katika bonde zima. Uko kando ya simba mmoja.

Serengeti ni kubwa zaidi, kilomita za mraba 14,763. Nyumbu huko ni wengi sana. Wanapokusanyika kuvuka mto Mara, mgeni hasemi, "Nyumbu hawa wamejaa mno." Ndio aliowafuata! Lakini magari yakijipanga kando ya mto, hapo atasema pamejaa. Mwezi wa Julai 2025 picha zilionyesha wageni wameshuka kwenye magari huko Kogatende, wamesimama karibu na mto mpaka nyumbu wakazuilika kupita. Watu wengi walikasirika, ndani na nje ya nchi. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lilitoa tamko na kukemea kitendo hicho.

Mgeni mmoja mmoja pale alitaka tu kuona vizuri. Kila mmoja aliposogea hatua moja, wote walikosa, na nyumbu wakapata taabu. Ni kama sisi mbele ya mwamba.

SAFARI YA PILI

Mwaka 2022 tulikwenda tena Kolo. Safari hii tulikuwa thelathini na sita, si wachache sana kuliko kwanza. Lakini tulifanya mambo kwa njia nyingine.

Kwanza, tuliuliza mapema siku gani wenyeji wana shughuli zao. Tukachagua siku nyingine.

Pili, tuligawanyika makundi matatu, watu kumi na wawili kila kundi. Kundi moja lilipanda. La pili lilikwenda kuona matuta ya kuzuia mmomonyoko. La tatu lilikaa chini ya mti likala chakula. Kisha tukabadilishana.

Tatu, tulikubaliana: nyimbo ndani ya basi, kimya kwenye mwamba. Vijana hawakunyimwa raha yao. Waliimba kutoka Haneti mpaka Kondoa.

Nne, tulipima. Kuna kipimo kinachotumiwa na wataalamu tangu miaka ya 1970. Mgeni huulizwa swali moja: "Uliona pamejaa watu kiasi gani?" Hujibu kwa namba, kutoka 1 mpaka 9. Moja maana yake hapakujaa hata kidogo. Tisa maana yake palijaa kupita kiasi. Sisi tulitumia punje za mahindi. Kila mtu alipewa punje tisa na bakuli lilipitishwa limefunikwa kitambaa, ili mtu asimwonee haya jirani. Wengi walitia punje moja au mbili.

Yule mama wa migongo alikuwepo. Alikaa mbele ya mwamba kwa muda mrefu. Aliposhuka aliniambia, "Bwana shamba, leo nimemwona twiga."

NA SISI HANETI?

Siku hizi vijana wetu wanasema, "Na sisi tuna vilima. Tuna mibuyu mikubwa. Dodoma ni makao makuu, watu wa mjini wanatafuta mahali pa kupumzika Jumapili. Tuwakaribishe, tupate fedha." Ni wazo zuri. Mimi naliunga mkono.

Lakini watu wengine wanasema, "Waje wengi iwezekanavyo." Hapo ninasema, tungoje kidogo. Kabla ya kusema "wengi", tujiulize wanakuja kufuata nini. Anayekuja kula nyama na kucheza ngoma anataka watu. Mpe uwanja karibu na barabara. Anayekuja kupanda kilima asikie upepo anataka nafasi. Mpe njia yake na saa yake. Ukiwaweka wote mahali pamoja, wa pili ataondoka bila kukuambia. Mwaka unaofuata hatarudi, nawe hutajua kwa nini.

Tujiulize pia nani anatumia kilima leo. Kuna mama anayeokota kuni. Kuna mtoto anayechunga mbuzi. Kuna mzee mwenye mahali pake pa kuomba mvua. Hao hawaandikwi katika kitabu cha wageni. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule Kolo mimi nilikuwa mgeni, na siku ile mwenyeji hakupona. Alirudi na kibuyu chake.

Sikumwona tena bibi yule, hata safari ya pili. Kama ningemwona ningemwomba radhi. Kwa kuwa sikumwona, nimekuandikia wewe.

Jambo hili lifikishwe kwenye mkutano wa kijiji kabla mgeni wa kwanza hajaja. Njoo. Njoo na mzee mwenye kilima, na mtoto mchunga mbuzi naye aulizwe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI CHAKO

1. Taja mahali ambapo wewe hufurahi kuwakuta watu wengi. Taja mahali ambapo hufurahi. Tofauti ni nini?

2. Kwa nini kuhesabu ng'ombe malishoni hakufanani na kuhesabu wageni kilimani?

3. Katika kijiji chako, kuna mahali ambapo watu fulani wameacha kwenda kwa sababu pamejaa? Ni akina nani? Nani amewauliza?

4. Kama wageni ishirini wangefika kijijini kwako Jumapili, ungewapeleka wapi, na kwa makundi mangapi?